Upande wa Kwanza

(Hotuba iliyotolewa bwaloni siku ya mkutano wa wanafunzi wa zamani)



Barua ya Ndugu Katibu ilinitaka nizungumze kwa dakika 20 juu ya jambo lolote litakalowafaa vijana. Mwaka juzi msemaji alikuwa mhandisi, akawaeleza habari za madaraja. Mwaka jana alikuwa daktari, akawaeleza habari za maji ya kunywa. Mimi nilikuwa hakimu kwa miaka 35, na nadhani Ndugu Katibu alitazamia nije na habari za sheria. Nimemwomba radhi. Watu wengi wamekwisha kunisikiliza kwa lazima, tena wamesimama kizimbani. Leo nataka kuzungumza juu ya kusikiliza santuri.

Mliokuwapo hapa miaka ile mnaikumbuka redio-gramu ya bwalo hili. Ilikaa kwenye kona ile pale, chini ya saa iliyosimama; kabati la mbao lenye miguu minne, redio upande mmoja na sahani ya kupigia santuri upande wa pili. Ufunguo wake alikuwa nao kiranja wa burudani, naye aliutunza kama mtunza hazina. Nilifika hapa kidato cha kwanza mwaka 1969. Vijana, chakula chenu cha leo sikijui, lakini sisi tulikula maharage siku sita, na Jumamosi, kwa heshima ya Jumamosi, maharage yenye kitunguu. Baada ya kitunguu ndipo kabati lilipofunguliwa.

Kaka zetu wa kidato cha sita walikuwa na Otis Redding wao na James Brown wao. Sisi wadogo tulikuwa watu wa dansi: NUTA Jazz ya Dar es Salaam, Jamhuri Jazz ya kwetu Tanga, Western Jazz, na juu ya wote Morogoro Jazz, kwa sababu ya gitaa la Mbaraka Mwinshehe. Mwaka 1970 bendi ile ilikwenda Osaka, Japani, kwenye maonyesho makubwa ya dunia, nasi tulitembea kifua mbele wiki nzima kana kwamba tumekwenda sisi.

Sasa sikilizeni jambo moja la kiufundi, maana ndilo lililobeba hotuba yote. Nyimbo za dansi za wakati ule zilikuwa ndefu kuliko santuri. Santuri ndogo, ile ya kuzunguka mara 45 kwa dakika, ilichukua dakika nne au tano kila upande, kwa hiyo wimbo ulikatwa katikati. Upande wa kwanza mwimbaji alieleza shauri lake, tena bila haraka. Upande wa pili maneno yalikwisha, magitaa yakachacha, tarumbeta zikaingia, na watu wakatoka viti. Sisi tulianza upande wa pili. Kila mara. Nilimaliza shule hii bila kujua nyimbo nilizozicheza miaka sita zilikuwa zinasema nini.

Kabla sijaendelea niwaambie siri. Masikio yangu ni mabovu. Miaka minne iliyopita daktari alinivika vyombo masikioni, akanipa kitufe, akasema nikisikia mlio nibonyeze. Nilikaa nikingoja mlio, naye alikuwa amekwisha kupiga nusu yake. Akanichorea kwenye karatasi. Sikio la kijana husikia mitetemo tangu 20 mpaka karibu 20,000 kwa sekunde. Umri ukizidi, zile sauti nyembamba za juu ndizo zinazoondoka kwanza, wala hazirudi. Katika maneno ya watu zinapotea herufi kama s na f. Mjukuu wangu akisema "sita", mimi nasikia "ita", nami naita.

Hivyo basi mtu wa namna yangu akija mbele yenu akadai kwamba anausikia muziki vizuri zaidi sasa kuliko alipokuwa na miaka 17, mnayo haki ya kumdai ushahidi. Nitautoa, ingawa sehemu ya ushahidi wenyewe ni dhidi yangu.

Baba yangu alikuwa fundi cherehani pale Ngamiani, Tanga. Alishona kanzu, na sare zangu zote za shule hii alizishona yeye, akiacha upindo mrefu kwa sababu alijua nitakua. Alikuwa na gramafoni ya kuzungusha kwa mkono, na katika sanduku la bati alikuwa na santuri 14 za kale, zile nzito nyeusi za kuzunguka mara 78 kwa dakika. Vijana, msizifananishe na plastiki. Zilitengenezwa kwa gundi inayotokana na wadudu wadogo wa huko India, ikachanganywa na unga wa mawe, na ukiiangusha moja inapasuka kama sahani ya chai. Upande mmoja ulichukua dakika tatu hivi. Sindano ilikuwa ya chuma, na baba aliibadilisha kila upande ulipokwisha, maana sindano iliyochakaa huilima santuri kama jembe. Zilizotumika alizitia katika kopo la tumbaku. Kila santuri aliifunga katika kipande cha marekani kilichobaki kwenye kazi yake.

Ijumaa usiku, baada ya chakula, alipiga santuri mbili. Mbili tu. Alikaa kwenye mkeka, mkono juu ya goti, na mahali fulani katika wimbo aliinua kidole cha shahada, akakishusha polepole. Mama alitabasamu. Mimi nilisikia mikwaruzo, na nyuma ya mikwaruzo fidla, na nyuma ya fidla mwanamke anaimba. Nilingoja ziishe.

Nyingi kati ya santuri hizo zilikuwa za Siti binti Saad wa Unguja. Mwanamke yule alizaliwa Fumba katika familia ya watu waliokuwa watumwa. Alitembeza vyungu vya kuuza. Hakujua kusoma wala kuandika. Mwaka 1928 alisafiri na wenzake kwa meli mpaka Bombay, wakarekodi kwa kampuni ya His Master's Voice, ile yenye picha ya mbwa anayesikiliza pembe ya gramafoni. Kabla yake, mtu aliyenunua gramafoni mwambao huu alisikiliza lugha za watu wengine. Baada ya safari ile, chombo kile kilisema Kiswahili.

Mwaka 1971 kamani ya gramafoni ilikatika. Baba aliifunika kitambaa, akasema atatafuta fundi. Miezi ikapita. Likizo ya Desemba nilirudi nyumbani, nikakuta santuri zimekaa kimya sandukuni, na mimi nilikuwa na haja kubwa ya santuri mpya ya Morogoro Jazz, ambayo kila mtu bwenini alikuwa akiitaja. Sokoni palikuwa na mtu akinunua vitu vikuukuu. Nilimpelekea zote 14 katika kapu, nikazifunika majani ya mgomba. Alinipa shilingi 20. Nilinunua santuri yangu, na fedha iliyobaki nikanunua shati. Vile vipande vya marekani nilivirudisha sandukuni, nikaweka vitabu vyangu vya zamani chini yake ili sanduku liwe zito.

Nilijiambia kwamba gramafoni imekufa, na santuri bila gramafoni ni vigae. Hoja hiyo nimeisikia tena na tena mahakamani, kwa maneno mengine.

Muhula uliofuata tulipewa kitabu cha kusoma: Wasifu wa Siti binti Saad, cha Shaaban Robert, ambaye naye ni mtu wa kwetu Tanga. Nilikisoma kwa bidii, na mtihani wake nilifanya vizuri. Nawaapia, ndugu zangu, haikunipitia kichwani hata siku moja kwamba mwanamke aliyemo kitabuni ndiye niliyemwuza sokoni.

Mwaka 1973 nilikuwa kidato cha tano. Nilipofika nyumbani likizo nilikuta fundi saa mmoja ameitengeneza ile kamani, na baba alikuwa amekwisha kufungua sanduku. Nilikaa ningoje kipigo. Hakunipiga. Hakuniuliza hata zilikwenda wapi. Aliniuliza:

"Ulinunua nini?"

"Santuri, baba."

"Ya nani?"

"Morogoro Jazz."

"Ilete, niisikie."

Gramafoni yake isingeweza kupiga santuri ya namna ile, kwa hiyo tulikwenda kwa jirani aliyekuwa na redio-gramu. Baba alivaa kofia na koti, kama mtu anayekwenda kuposa. Mimi, kwa mazoea ya bwalo hili, niliweka upande wa pili. Haukupita muda akainua mkono.

"Hapa ni katikati. Mwanzo uko wapi?"

Nikageuza. Alisikiliza upande wa kwanza mpaka mwisho, mkono juu ya goti. Mahali fulani kidole kikainuka, kikashuka. Jirani akataka kusema neno, baba akamzuia. Ulipokwisha akasema, "Kijana huyu ana jambo lake anaeleza. Mbona mnamdakia katikati?" Akamshukuru jirani kwa kahawa, tukarudi nyumbani. Habari za santuri zake hakuzitaja tena mpaka alipofariki mwaka 1986.

Ningependa kuwaambia kwamba siku ile nilizindukana. La hasha. Nilifurahi tu kwamba sikupigwa. Nilikwenda jeshi la kujenga taifa, nikasomea sheria, nikapangiwa kazi wilaya hii na ile, na santuri ile ikanifuata katika sanduku la nguo. Mpaka na Kenya ulifungwa mwaka 1977, na kwa kuwa santuri za bendi zetu zilitengenezwa Nairobi, mpya zikawa adimu; bendi zikarekodi Radio Tanzania, nasi tukazisikiliza redioni. Kisha zikaja redio za kaseti. Nani kati yetu hakuzungusha kanda kwa penseli ili kuokoa betri? Nilisikia muziki mwingi sana miaka ile. Kusikiliza ni jambo jingine.

Januari 1979 redio ilitangaza kwamba Mbaraka Mwinshehe amefariki kwa ajali ya gari huko Mombasa. Alikuwa na miaka 34. Mimi nilikuwa na miaka 24, nikaona kafa mtu mzima. Leo mtoto wangu wa mwisho amempita umri.

Siku niliyosikiliza upande wa kwanza kwa hiari yangu ilikuwa katika miaka ya tisini. Nilikuwa nimetoa hukumu katika shauri la matunzo ya watoto. Mume alikuwa na maneno mengi, mke alikuwa na machache, na nilirudi nyumbani nikiwa sina hakika na nafsi yangu. Nikaitoa santuri. Siwezi kusema kwa nini. Huenda nilitaka tu kelele za ujana. Nikaanza, kwa mara ya kwanza, mwanzo. Nikamsikia mtu anaeleza shida za nyumba yake kwa upole, hamtukani mtu, hajisifu, na kila anaponyamaza gitaa linamjibu kwa sentensi fupi, kama mzee anayesema "ehe" ili mwenzake aendelee. Lile gitaa nilikuwa nimelicheza miaka sita nikidhani linajionyesha. Kumbe lilikuwa linasikiliza. Na upande wa pili, pale tulipokuwa tunarukaruka, haukuwa sherehe mbali na shida zile. Ulikuwa ni mtu yule yule, maneno yamemwishia.

Yote hayo yalikuwamo ndani ya plastiki ile tangu siku niliyoinunua. Haikuongezwa noti hata moja. Sare ya kidato cha kwanza haikui, vijana. Ukiivaa tena na mikono ikaishia kwenye viwiko, unajua aliyekua ni nani. Kwa ngoma ya uwanjani huwezi kupima hivyo, maana wapigaji nao wamebadilika, na ngoma ya jana si ya leo. Santuri haibadiliki. Ukiisikia tofauti, tofauti hiyo ni yako.

Naona kijana mmoja pale ananitazama kwa shaka, na namsifu. Atasema: Mzee, hizo ni kumbukumbu tu. Unapenda wimbo kwa sababu unakurudishia miaka yako. Hoja hiyo ni nzuri, nayo ni kweli kwa nyimbo nyingi. Zipo nyimbo nikizisikia nanusa maharage ya bwalo hili na machozi yananilenga, lakini nikiwa mkweli ni nyimbo hafifu. Ukiyaondoa maharage hakibaki kitu. Nyingine nilizozipenda sana zimenipungukia kabisa. Santuri nyingi za zamani ni mbovu, kama zilivyo mbovu nyimbo nyingi za sasa, na msikubali mzee yeyote awaambie vingine.

Kwa hiyo natoa ushahidi wa pili, wa nyimbo ambazo ujanani sikuzipenda hata kidogo.

Mwaka 2016, baada ya kustaafu, binti yangu alinikuta nimekaa barazani, akaniwekea simu mezani. Akasema, "Baba, huyu si ndiye uliyekuwa unatuambia habari za kitabu chake?" Ilikuwa sauti ya Siti binti Saad. Mtu fulani, mahali fulani, hakuuza santuri zake. Zikanakiliwa, zikaingia katika mtandao, zikanifikia pale barazani kwa miaka 45 ya kuchelewa. Mikwaruzo ilikuwa ile ile. Nyuma ya mikwaruzo fidla, na nyuma ya fidla yule mwanamke. Kisha fidla ikafika mahali ikamwachia nafasi, naye hakuingia. Alingoja kidogo, kidogo tu, kisha akaingia. Nikajua kidole cha baba kilikuwa kinangoja nini.

Binti yangu alidhani naumwa.

Tangu siku ile nimesikiliza kila nilichoweza kupata cha Siti, na ulionishika zaidi ni wimbo wake wa Kijiti. Nilipokuwa mtoto nilidhani nyimbo zile zote ni za mapenzi. Huu ni wa mauaji. Unasimulia habari ya kweli ya Unguja ya wakati wa ukoloni: mwanamke mgeni aliyetoka Dar es Salaam, akachukuliwa matembezini usiku, akauawa, Kijiti, mtuhumiwa, akavuka bahari akatoroka, na mbele ya mahakama lawama ikawageukia wanawake waliokuwa wenyeji wa marehemu, wakaadhibiwa wao. Siti alikwenda kuyaimba hayo mbele ya kipaza sauti cha kizungu, na santuri ikauzwa katika miji ile ile ambamo mahakimu wale walikuwa wanakaa.

Ndugu zangu, nimekaa katika kiti kile. Nimewaona mashahidi wa kike wakiulizwa walikuwa wanatafuta nini nje usiku, kabla mtu yeyote hajauliza marehemu aliuawa na nani. Na mara moja, nakiri hapa mbele yenu, aliyeuliza nilikuwa mimi. Mwanamke yule alinitazama kwa muda, kisha akajibu kwa sauti ndogo, na karani akaandika. Nilikuwa nimemsahau kabisa. Nilimkumbuka barazani, miaka mingi baadaye, kwa sababu ya mwimbaji aliyefariki mwaka 1950, kabla sijazaliwa. Mpaka leo Kijiti hausikiki kwangu kama habari ya zamani. Nausikiliza kama mtu anayesomewa jalada lake.

Sasa nambieni, hiyo ni kumbukumbu ya ujana? Ningeusikia wimbo huo nikiwa na miaka 17 ungenipita, hata kwa masikio yangu mazima. Nilikuwa na masikio, sikuwa na kesi.

Baba yangu alikuwa na nini, sijui. Alikuwa fundi cherehani. Hakuwahi kufika mahakamani. Lakini alizisikiliza santuri 14 kwa miaka zaidi ya 20, mbili kila Ijumaa, na aliposikia mara moja tu muziki wa vijana asioujua, akajua mwanzo ulikosekana. Hilo ndilo linaloniambia kwamba si umri peke yake. Wako wazee wenzangu, siwataji, waliokomaa kila mahali isipokuwa masikioni.

Niongeze jambo dogo juu ya namna santuri zile zilivyotengenezwa, kwa faida ya wanafunzi wa sayansi. Mwaka 1928 sauti ilichongwa moja kwa moja katika sahani ya nta. Hakukuwa na kufuta, wala kukata na kuunga. Tena nta yenyewe haikuweza kusikilizwa kwanza, kwa kuwa kuipiga mara moja kuliiharibu isifae kutengenezea santuri. Mwimbaji aliimba, akaondoka, akangoja miezi. Basi ule mngojeo wa Siti, pale fidla inapomwachia nafasi, hakuurudia mara kumi akachagua uliopendeza. Aliufanya mbele ya nta, na nta ikakubali. Na jingine, ambalo limenifurahisha mimi na daktari wangu: santuri za zama zile hazikuweza kubeba zile sauti nyembamba za juu sana. Sauti nilizozipoteza mimi, hazikuwamo. Kwa hiyo katika muziki wote duniani, ule wa baba yangu ndio usionidai kitu nisichokuwa nacho.

Vijana, najua simu haziruhusiwi bwenini, na najua pia kwamba zimo. Hapa si mahakamani. Mnazo nyimbo nyingi kuliko alizosikia baba yangu maisha yake yote, na mnaziruka kwa kidole kabla mwimbaji hajavuta pumzi. Siwalaumu; sisi tulirukia upande wa pili, nanyi mnarukia mbali zaidi. Nawaombeni jambo moja dogo lisilo na gharama: chagueni wimbo mmoja, usikilizeni mpaka mwisho bila kufanya kazi nyingine, kisha mwandike jina lake mahali. Mkiwa na miaka 40 mwutafute tena. Na kama nyumbani kuna mzee mwenye kanda au santuri katika sanduku, msiamini kwamba sanduku ni zito kwa sababu bado zimo. Fungueni mtazame. Mwulizeni akiwa hai ni za nani, maana mimi santuri 14 niliziuza bila kusoma hata karatasi zake za katikati, na sasa nikisikia wimbo wa Siti siwezi kusema kwa hakika kama ulikuwamo katika lile kapu.

Ndugu Mwenyekiti, namaliza. Mwezi uliopita nilimwandikia Ndugu Mkuu wa Shule kuuliza kama ile redio-gramu ilitupwa. Akanijibu kwamba iko stoo, imewekewa magunia. Mwalimu wa fizikia na vijana wawili wa kidato cha tatu wameishughulikia jioni kadhaa. Wamebadilisha mkanda wa kuzungushia na waya zilizoliwa na panya, na sindano mpya nimeileta mimi. Ile pale, chini ya saa. Saa naona bado imesimama.

Na santuri ni hii. Jina la wimbo sitalitaja. Wenzangu wa mwaka 1972 watautambua. Imekwaruzika, lakini inazunguka. Ndugu Katibu, nakuona unatazama mkono wako. Dakika zangu zimebaki nne, na upande huu ni dakika nne na kitu. Hicho kitu naomba kiwe deni.

Kijana, iweke taratibu, ishike kwa kingo. Teremsha sindano.

Hapana, mwanangu. Geuza. Upande ule mwingine.